Mkono wa Mama Pasi

Mimi nina mdomo, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikifa itabidi mdomo wangu uzikwe siku ya pili yake, maana siku ya kwanza utakuwa bado haujamaliza kusema. Mafundi wa mtaa wetu wananijua. Kitambaa kibovu nakirudisha kwa mwenye duka mchana kweupe, na mteja anayetaka suti ya siku mbili namwambia akanunue gunia atoboe mikono. Sasa mtu wa namna hiyo ukisikia kwamba kuna sentensi moja fupi aliyoimeza kwa miaka arobaini na moja, utacheka. Cheka. Ndiyo ninayotaka kusimulia, na nasimulia kwa raha, kwa sababu mwishowe niliitapika mbele ya watu zaidi ya sabini na sijapata siku tamu kama ile.

Habari yenyewe si yangu hasa. Ni ya Mama Pasi.

Mama Pasi alikuwa mpiga pasi katika karakana ya baba yangu. Mbele palikuwa na duka lenye kioo, nyuma karakana yenye cherehani nane na meza ndefu ya kukatia, na juu, ukipanda ngazi ya mbao, ndiko tulikokaa sisi. Yeye alisimama mwisho kabisa wa karakana, karibu na dirisha, na pasi mbili za mkaa: moja mkononi, nyingine ikipata moto. Alichovya kidole kwenye bakuli la maji, akarusha tone kwenye uso wa pasi, akasikiliza. Kwa sauti ile tu alijua kama huo ni moto wa pamba au wa hariri. Ukimsemesha alikuambia, "Ngoja nitue," akamaliza mkono wa shati, akaitua pasi kwenye kigae, ndipo akakugeukia. Miaka kumi na mitano hakuwahi kuacha alama ya njano kwenye kola ya mtu.

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo na mimi tulizaliwa mwaka mmoja. Tulikulia chini ya meza ya kukatia, tukiokota vipande vilivyoanguka na kuwashonea wanasesere wetu nguo ambazo hata sasa naona zilikuwa nzuri. Mafundi waliniita mimi Bosi Mdogo. Mwenzangu walimwita Kiganja, kwa sababu hakugusa kitambaa kabla ya kukipitishia kiganja cha mkono, macho kafumba, halafu anakuambia: hii pamba, hii imechanganywa, hii imelowa ikakauka. Hakukosea. Mimi nilikuwa nabahatisha.

Ilipofika saa ya chakula, mama yangu alinipigia kelele kutoka juu. Nilipanda ngazi, Kiganja akabaki chini na mama yake. Hakuna aliyetuambia kwamba ngazi ile haipandwi na wote wawili. Tulijua wenyewe, kama mtoto anavyojua kiti cha baba. Magauni yaliyonibana alipewa yeye, na aliyeyashusha pindo ni Mama Pasi, yule yule aliyekuwa ameyapiga pasi nilipokuwa nikiyavaa mimi. Nilimpenda mwenzangu, naomba hilo lieleweke. Lakini nilimpenda nikijua kwamba ngazi ni yangu.

Tulipokuwa na miaka kumi na mitano, baba alipata kazi ya pazia la jukwaa la ukumbi mpya wa mikutano. Mahameli nyekundu iliyoiva, jora zima zito ambalo wanaume wawili walilibeba wakihema. Sasa nikueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kosa langu. Kitambaa cha kawaida, kama kaki ya sare za shule, unakitandika mezani kwa kwenda na kurudi: ukifika mwisho wa meza unakikunja, unarudi nacho, unakunja tena, halafu unakata tabaka zote. Mahameli haina ruhusa hiyo. Mahameli ina manyoya yaliyolalia upande mmoja. Ukiyatazama yakiwa yanashuka, rangi ni nyingine, na ukiyatazama yakiwa yanapanda, ni nyingine kabisa. Kwa hiyo unatandika kwenda, unakata, unarudi mikono mitupu mpaka mwanzo wa meza, unaanza upya. Kwetu lilikuwa neno la kila siku: mahameli huenda, hairudi.

Mkataji mkuu alikuwa mgonjwa wiki ile. Baba alitoka kwenda kupima madirisha ya mteja, akaniambia jora lisiguswe mpaka arudi. Ukimkataza mtu mwenye kichwa kama changu ndiyo umemtuma. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha, aseme mbele ya mafundi kwamba mkasi wake umepata mrithi. Mafundi wenyewe walikuwa wametoka kwenda kula. Nikamwita Kiganja ashike ncha ya kitambaa upande wa pili wa meza.

Vipande vilikuwa kumi na sita. Kwenda na kurudi mikono mitupu mara kumi na sita, kwenye meza ndefu vile, na chini kila kipande kikatwe mawimbi, hivyo hakigeuziki juu kuwa chini. Nilichoka kabla sijaanza. Nilipofika mwisho wa meza nikakunja.

"Inarudi hiyo," Kiganja akasema.

"Najua."

"Mahameli hairudi. Pitisha kiganja uone."

Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kuliko jina langu: "Wewe kazi yako ni kushika."

Akashika. Nikatia alama za chaki, nikakata. Vipande vya kwenda nikavirundika kushoto, vya kurudi nikavirundika kulia. Baba aliporudi akakuta kazi imekwisha, alikunja uso kwanza, halafu akacheka, na jioni ile akawa anawaambia wateja dukani, "Binti yangu amekata jora la mahameli peke yake." Rundo la kushoto lilikwenda kwa fundi mmoja, la kulia kwa fundi mwingine, jamaa tuliyemwita Fundi Vifungo kwa sababu alizungumza na vifungo mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni. Kila mmoja akashona nusu yake, akatia bitana. Mama Pasi akapiga pasi nusu ya kwanza asubuhi, ya pili mchana, kwa nyuma, na kitambaa kibichi, bila kukandamiza, kama inavyotakiwa. Nilisimama pembeni nikimwangalia. Alipiga sawasawa kabisa.

Pazia lilipotundikwa na madirisha ya ukumbi yakafunguliwa, upande wa kushoto ulikuwa mwekundu wa kuiva na wa kulia umepauka kana kwamba umefuliwa mwaka mzima. Msimamizi wa ukumbi akauliza kama tumemletea pazia moja au mawili. Likashushwa, likarudishwa karakana, likatandazwa kwenye meza, na baba akatuita wote.

Baba alipitisha kiganja upande wa kushoto, kutoka juu kwenda chini. Kisha upande wa kulia. Kiganja chake kilifika katikati kikasimama. Nilikiona kikisimama. Baba alikuwa mkataji kwa miaka thelathini, hakuhitaji mtu wa kumwambia. Akainua macho akanitazama mimi, na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasema, "Labda pasi ilikuwa na moto sana."

Nikuulize: duka la mkataji likisemwa kwamba limekata vibaya, linabaki na nini? Limekufa. Na aliyekata ni binti ambaye mwenye duka ameshamtangaza mtaa mzima. Lakini pasi ni pasi. Pasi inafukuzwa, inaletwa nyingine. Nadhani baba alifikiri hayo yote kwa muda wa kumeza mate mara moja.

"Pasi," akasema.

Mama Pasi akaitazama mikono yake. "Bosi, niliipiga kwa nyuma. Na kitambaa kibichi."

"Basi moto ulizidi."

"Labda ulizidi," akasema.

Unga wake ukamwagika siku ile ile, kazi ikaisha. Alikunja khanga yake ya kazini, akaziacha pasi mbili juu ya kigae, akamwambia baba, "Samahani kwa hasara, bosi." Samahani aliomba yeye. Kiganja alikuwa amesimama mlangoni akinitazama mimi, anangoja niseme. Nilikuwa na kipande cha chaki mkononi, nikawa nakisugua kwa kidole gumba mpaka kikaisha. Maskini akiokota huambiwa kaiba, na sisi hata kuokota hatukumpa nafasi. Wiki iliyofuata baba alinunua jora jingine, akafunga mlango wa karakana, akalikata mwenyewe. Hakunigombeza hata neno moja, na ningependa angenigombeza.

Habari haikai ndani. Fundi Vifungo aliitembeza mtaani, na mtaani ikakua: aliyeunguza pazia la ukumbi. Mama Pasi akawa anapiga pasi nyumba kwa nyumba, mashuka na mashati. Binti yake akaacha shule akabeba kikapu cha nguo pamoja naye. Mimi nilibaki kwenye ngazi yangu.

Nilipokutana na Mama Pasi barabarani nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba, Bosi Mdogo. Baba hajambo?" Kila mara alimuulizia baba, kwa heshima, kwa sauti ya mtu anayejiona ana deni la adabu. Nilikuwa nachukia. Ikafika mahali nikimwona kwa mbali nakata kona, naingia duka lolote, nauliza bei ya misumari.

Baba alipofariki, duka likawa langu. Nikajifanya mtu mwema. Nilikuwa na gauni la mahameli la bibi harusi, nikalipeleka kwa Mama Pasi alipige pasi, nikasema nitamlipa vizuri. Kesho yake asubuhi alikuja dukani, gauni limefungwa vilevile nilivyolifunga, halijafunguliwa.

"Vitambaa vya heshima sigusi, mwanangu," akasema. "Mkono huu uliharibu pazia la baba yako, Mungu amrehemu. Mkono ukishakusaliti mara moja, huuamini tena."

Palepale ningesema. Maneno yalikuwa kwenye ulimi. Lakini dukani palikuwa na mteja anachagua bitana, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikamwambia, "Haya mama, Mungu akubariki." Akaenda zake. Nilimfokea mteja wa bitana mpaka akatoka bila kununua.

Kiganja sasa. Huyo hakungoja mtu. Aliingia karakana ya sare za shule kama mfagiaji, akatoka mkataji. Akanunua cherehani moja kuukuu, akaongeza ya pili, na tulipofika miaka hamsini na kitu alikuwa na cherehani kumi na nne na wasichana anaowafundisha, wakati mimi nimebaki na mbili na kazi ya kupunguza viuno vya suruali. Usiniulize kama nilimwonea wivu. Nilimwonea. Tukikutana kwenye mikutano ya chama cha mafundi alinisalimu, "Bosi Mdogo, mzima?" Mimi namjibu, "Mzima, dada." Basi, kila mtu na kiti chake.

Mwaka jana chama kiliamua kutoa barua za heshima kwa wazee waliofanya kazi ya nguo miaka arobaini na zaidi. Wiki mbili kabla ya mkutano, Kiganja akaja dukani kwangu. Alikuwa hajakanyaga pale tangu siku ya pazia. Alisimama akaitazama ile meza ndefu, ambayo sasa nimeikata nusu, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Nimepeleka jina la mama," akasema. "Kamati imekubali. Yeye amekataa."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini?"

Nikaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari.

"Anasema mtu aliyeharibu kazi hapewi barua ya kazi. Anasema atakuja mkutanoni aikatae kwa mdomo wake mwenyewe, ndiyo adabu. Ana miaka sabini na tisa, na atasimama mbele ya mafundi wote aseme aliunguza pazia."

"Si umwambie ukweli? Ulikuwepo."

Hapo akacheka, kicheko kifupi. "Nilimwambia siku ile ile, tulipofika nyumbani. Alinipiga kibao. Hajawahi kunipiga kabla yake wala baada yake. Aliniambia nisimsingizie mtoto wa watu. Nimemwambia tena nikiwa na miaka ishirini, na thelathini, na hamsini. Ananijibu kwamba maneno yangu ni ya kumpenda, na maneno ya bosi yalikuwa ya kazi. Haniamini, ng'o. Kuna mtu mmoja tu duniani atakayemwamini."

Damu ikanipanda. Nikasema, tena kwa ukali, "Miaka arobaini umekaa, leo ndiyo unakuja kuniomba?"

"Sikuombi," akasema, akainuka. "Nakuambia siku na saa. Jumamosi, saa nne asubuhi."

Nilimtukana alipokuwa anatoka. Nililaani chama, barua, kamati na aliyevumbua mahameli. Kwa wiki mbili nilishona pindo nikazifumua, nikagombana na kila mteja. Nilijua nitakachopoteza: jina la baba, ambalo liko juu ya mlango wangu kwa herufi za rangi, na ndilo pekee lililokuwa likiniletea watu. Jumamosi ile niliamka nikiapa siendi. Saa tatu na nusu nilikuwa njiani, na viatu vya kunibana.

Ofisi ya chama iko ghorofani, viti vya kuazima, watu wamebanana. Fundi Vifungo, mzee sasa, sikio moja halisikii, ndiye mwenyekiti. Alisoma majina. Wazee sita walikwenda mmoja mmoja wakapokea bahasha zao, tukapiga makofi. Aliposoma jina la Mama Pasi alikohoa kidogo, na mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Si ndiye yule wa pazia?"

Mama Pasi akasimama. Alikuwa amevaa gauni la kijivu lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ilikuwa imesimama wima. Mkono mmoja kaushika mgongo wa kiti.

"Nashukuru kwa kunikumbuka," akasema. "Lakini barua hii siwezi kuipokea. Nyinyi wengine ni vijana, hamjui. Nilipewa kazi ya pazia la ukumbi, na mimi—"

Nikainuka. Sijui miguu iliamua lini. "Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Nilidhani nimepiga kelele. Kumbe sauti ilitoka nyembamba, Fundi Vifungo akaweka mkono sikioni akasema, "Nani anasema nini huko?"

"Pazia hakuliunguza yeye. Nilikata vibaya mimi. Nikasingizia pasi."

Watu wakageuka. Kiganja alikuwa pembeni ya mama yake, hakunitazama, anatazama sakafu. Mama Pasi ndiye aliyenitazama, na hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso ule wa kazini, wa kusikiliza tone la maji likilia juu ya pasi.

"Ngoja nitue," akasema, akaketi. Kisha akaniuliza, polepole, "Ulitandikaje?"

"Kwenda na kurudi, mama."

Mafundi wakaguna chumba kizima. Hapo hakukuwa na haja ya kueleza.

"Vipande vingapi?"

"Kumi na sita."

"Vya kwenda ukaweka wapi?"

"Kushoto. Vya kurudi kulia. Binti yako aliniambia inarudi. Nikamwambia kazi yake ni kushika."

Alifumba macho. Nilimwona anapanga vipande kichwani, kimoja kimoja. Alipofumbua, alikuwa anazungumza na mikono yake, si na mimi.

"Ndiyo maana ilikuwa sawasawa," akasema. "Miaka yote nimejiuliza. Pasi ikiunguza inaacha doa, inaacha umbo lake. Haipaushi nusu pazia toka juu mpaka chini. Nilijiuliza nilifanyaje nikaunguza sawasawa namna ile. Sikupata jibu, nikasema basi, bosi anajua zaidi." Akaniinulia macho. "Bosi hakujua?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. La kwangu lilikuwa limeshatoka, lakini hili lilikuwa la marehemu, na jina lake lilikuwa juu ya mlango wangu.

"Alijua," nikasema. "Alipitisha kiganja, akajua. Alikufukuza kwa ajili yangu na kwa ajili ya duka."

Nililia pale, sioni aibu kusema, nililia mpaka kamasi. Nilikuwa na aibu ya kutaka sakafu ipasuke, na wakati huo huo kifua kilikuwa chepesi, chepesi ajabu.

Mama Pasi akainuka tena, safari hii bila kushika kiti. Akainua mkono wa kulia mbele yake, akaugeuza huku na huku.

"Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa mzima," akasema.

Akamgeukia mwenyekiti. "Fundi Vifungo, umesikia? Mkono wangu ulikuwa mzima."

"Sikusikia vizuri Bosi Mdogo alichosema," mzee akajibu, na nadhani alisikia, alikuwa anatafuta pa kujificha, maana nusu ya kulia aliishona yeye.

"Mwambie tena," Mama Pasi akaniamuru. "Kwa sauti. Una mdomo, nakujua tangu unatambaa."

Nikasema tena. Mara hii sauti yangu ilikuwa yenyewe, ile ya kurudisha vitambaa vibovu. Nilisema nilikata mimi, kwa uvivu na kwa kiburi, na kwamba Mama Pasi aliipiga ile mahameli kwa nyuma, kwa mvuke, kama ambavyo hakuna mtu chumbani mle angeweza kuipiga. Mafundi wakaanza kupiga makofi, si kwa ajili yangu, na mimi nikapiga nao. Fundi Vifungo akavua kofia. Akaileta bahasha mwenyewe, kwa mikono miwili, akasema, "Mama, na mimi nilikusema vibaya. Nisamehe." Wasichana wa Kiganja, waliojazana mlangoni, wakapiga vigelegele mpaka wapita njia chini wakasimama.

Lakini Mama Pasi alikuwa bado hajaipokea bahasha. Alikuwa amemgeukia binti yake. Akamwekea kiganja shavuni, shavu la kushoto, mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye cherehani kumi na nne.

"Nilikupiga kwa kusema kweli," akasema. "Mwanangu, nisamehe."

Kiganja, ambaye sijawahi kumwona akitoa chozi hata tulipokuwa watoto, aliangukia bega la mama yake akalia kwa sauti. Mama Pasi akamshika hivyo, na kwa mkono wake wa pili, juu ya bega la bintiye, akaipokea bahasha.

Nilingoja watu wapungue nikamfuata. Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, naomba msamaha."

Akanitazama. "Utaupata," akasema. "Lakini si leo. Leo nimefurahi mno, sitaki kuchanganya. Njoo wiki ijayo, na ukija lete kitambaa. Lete mahameli. Inuka, unachafua gauni."

Kiganja akafuta macho, akanipa mkono nikainuka. "Bosi Mdogo," akasema, na kwa mara ya kwanza jina lile lilikuwa utani mtupu. Tukamkamata mama kila mmoja upande wake, tukateremka ngazi watatu pamoja.

Chini, mwanzoni mwa ngazi, tulimkuta fundi mmoja aliyechelewa anapanda mbio. Mama Pasi akamsimamisha. "Mwambie," akaniambia. Nikamwambia. Nje tukawakuta wapita njia waliosimama kwa vile vigelegele. Akaniambia niwaambie, nikawaambia, kuanzia jora mpaka pasi, na mmoja wao akauliza maswali, nikamjibu.

Getini alikuwa amekaa mlinzi anasoma gazeti. Hakuwa fundi, hakuwa na habari ya mahameli wala ya pazia, na alikuwa katikati ya habari za mpira. Mama Pasi akasimama mbele yake, bahasha kaibana kifuani, akanishika mkono wa blauzi akanisogeza mbele.

"Mwambie na huyu," akasema.

Nikamwambia.